Fungua Boneti Kwanza: Miaka 55 ya Datsun Z

Kwenye mkusanyiko wa wenye Datsun Z, boneti hufunguliwa kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Gari linaingia uwanjani, dereva anazima injini, anavuta kikono kilichojificha chini ya dashibodi, na lile bati refu linainuka kuelekea mbele, maana bawaba zake ziko puani mwa gari. Ndani imelala injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili ubavuni, na hapohapo watu watatu wanne wameshainama kutazama. Hakuna aliyewaita. Jina la mwenye gari watalijua baadaye.

Nimehudhuria mikusanyiko ya magari ya zamani ya kila namna, na ya Z ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Kuna magari ya spoti mazuri zaidi na yenye kasi zaidi, na yapo ya bei ambayo mtu anaogopa hata kuyaegemea. Lakini Z lilikuwa gari la spoti lililotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi ya kawaida, aliendeshe kila siku na alifungue mwenyewe likimsumbua. Tulipokutana mwaka 2024 kuadhimisha miaka 55 tangu litangazwe Japani, Oktoba 1969, nilikuwa na swali moja kichwani: tunaadhimisha nini hasa? Rangi na kromu, au lile wazo la mwanzo la gari la kutumika?

Mtu ambaye jina lake halikosi kutajwa siku kama hiyo ni Yutaka Katayama, ambaye wenye Z duniani kote humwita Mr. K. Alizaliwa mwaka 1909. Mwaka 1958 aliongoza timu ya Datsun kwenye mashindano ya kuizunguka Australia, vigari vidogo vya injini ya lita moja vikipita jangwani, na kimoja kikashinda daraja lake. Miaka miwili baadaye Nissan, kampuni iliyokuwa ikitengeneza magari ya Datsun, ikampeleka Marekani. Huko aliuza magari akizungumza na mawakala, mafundi na wateja uso kwa uso, na akaelewa jambo ambalo wakubwa wa makao makuu walikuwa hawajalielewa: Wamarekani walitaka gari la spoti lenye nguvu, lenye paa la kweli, linalowaka asubuhi ya baridi, na ambalo spea zake zinapatikana. Magari ya spoti ya Ulaya ya bei nafuu yalikuwa yakivuja oili na kuleta matatizo ya umeme. Mazuri zaidi yalikuwa hayashikiki kwa bei.

Studio ya Yoshihiko Matsuo, mchora magari wa Nissan, ikalichora gari la namna hiyo, wahandisi wakalitengeneza, na lilipofika Marekani kama 240Z bei yake ilikuwa dola 3,526. Kwa pesa hiyo mtu alipata injini ya lita 2.4 yenye kemshafti (ile shafti inayofungua vali) juu ya silinda, nguvu farasi takribani 150 kwa kipimo cha wakati ule, breki za diski mbele, na shokomzoba za kila gurudumu kujitegemea, mbele na nyuma. Uzito wake ulizidi tani moja kwa kidogo tu. Wateja wakapanga foleni. Mawakala wakapandisha bei juu ya ile iliyotangazwa, na bado watu wakalipa. Kufikia mwaka 1978, familia ile ya kwanza ya Z (240, 260 na 280) ilikuwa imeshazidi magari nusu milioni.

Nusu milioni! Ndiyo maana mkusanyiko wa Z haufanani na ule wa magari yaliyotengenezwa mia mbili. Hapa hakuna anayejivuna kwamba lake ni adimu, isipokuwa wale wachache sana wenye Z432 ya soko la Japani, ile yenye vali 4 kwa kila silinda, kabureta 3 na kemshafti 2, ambayo injini yake ilitoka kwenye Skyline GT-R, gari jingine la Nissan la mbio. Ikitokea moja, watu hunyamaza kidogo, wanapiga picha, halafu wanarudi kwenye kabureta zao.

Nami nirudi kwenye kabureta, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na jambo bora kuliko yote siku ile.

Kulikuwa na binti mmoja aliyekuja na 240Z ya mwaka 1971, rangi ya chungwa iliyofifia, aliyorithi kwa mjomba wake. Gari liliwaka vizuri na kunguruma vizuri lilipokuwa limesimama. Tatizo lilikuwa moja: ukikanyaga mafuta ghafla injini inajikwaa, inakohoa mara moja mbili, ndipo inashika. Alikuwa ameshabadilisha plagi, waya za plagi na kifuniko cha distributa. Fundi mmoja alimwambia pampu ya mafuta ni mbovu, akanunua mpya, na kikohozi kikabaki palepale.

Pembeni alikuwapo mzee ambaye Z yake aliiuza zamani lakini hakosi kuja, na kila mara huja na kisanduku kilekile cha spana. Alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. Kisha akauliza, "Mwanangu, hizi kabureta umewahi kuzitia oili?"

Binti akamtazama. "Oili kwenye kabureta, mzee? Si inaingia petroli?"

Mzee hakucheka. Akatoa filta ya hewa, midomo miwili ya kabureta ikabaki wazi, akamwonyesha. Kabureta za Hitachi zilizofungwa kwenye Z za mwanzo ni za mtindo wa SU wa Uingereza. Ndani ya lile kuba la juu kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa ya injini. Chini ya pistoni imening'inia sindano nyembamba iliyopunguzwa unene kuelekea nchani, nayo imeingia kwenye tundu la petroli. Pistoni ikipanda, sindano inachomoka kidogo, tundu linapanuka, petroli nyingi zaidi inapita. Hewa na petroli vinapanda na kushuka pamoja bila kompyuta wala sensa yoyote. Lakini mtu akikanyaga mafuta ghafla, pistoni ingeruka juu mara moja na hewa ingeingia nyingi kuliko petroli. Kwa hiyo waliotengeneza wakaweka kijiti chenye kizibo kinachozama ndani ya oili katikati ya pistoni, ili oili iizuie kupanda kwa pupa. Kwa muda mfupi ule, mvuto wa hewa juu ya tundu unakuwa mkali na petroli inavutwa zaidi. Ndipo injini inaondoka bila kujikwaa.

Mzee akafungua kifuniko cha plastiki juu ya kabureta ya nyuma, akachomoa kijiti. Kilitoka kinang'aa kwa oili. Akafungua cha mbele, kikatoka kikavu kabisa. Alimkabidhi binti kijiti kile akishike mwenyewe, ahisi kwa vidole. Halafu akatoa kichupa cha oili nyepesi, akamwambia amimine taratibu, arudishe kijiti, asikilizie mkononi mahali kinapoanza kukutana na oili.

Hakuishia hapo. Injini ikawashwa, ikaachwa ipate moto barabara, maana kutyuni kabureta injini ikiwa baridi ni kupoteza muda. Akachukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, akasikiliza mvumo wa hewa. Akahamia ya nyuma. Ya nyuma ilikuwa inavuta kwa sauti ya juu zaidi. Akampa binti mpira naye asikilize, kisha akamwachia bisibisi: zungusha kidogo, sikiliza mbele, sikiliza nyuma, zungusha tena. Binti akafanya hivyo mpaka mivumo miwili ikawa sawa.

Mwisho ukaja mchanganyiko wa hewa na petroli. Kwa bisibisi nyembamba mzee aliinua pistoni kidogo sana, kiasi cha unene wa sarafu, akasema, "Sikiliza injini itakachofanya." Ikipandisha mzunguko na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ikizubaa na kutaka kuzima, petroli ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikarudi ilipokuwa, hapo imekaa sawa. Ya mbele ilipanda ikabaki, wakaikaza ile nati ya chini kidogokidogo mpaka ikatulia.

Binti akakanyaga mafuta. Kikohozi hakikuwapo tena. Watu zaidi ya kumi waliokuwa wamezunguka walipiga makofi, na nikiri kwamba macho yangu yalilengwa na machozi. Nimesoma maelezo ya kazi hii mara nyingi. Kuona mikono iliyoifanya miaka hamsini ikiihamishia mikono mingine ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililonipa jibu la swali langu.

Kwa wenye Z za mwaka 1973, niseme hili haraka: kabureta zenu ni zile za kuba bapa, zilizobadilishwa kwa ajili ya sheria za moshi za Marekani, na wengi wetu huzivua na kufunga za mviringo za mwaka 1970 hadi 1972. Walio na 280Z ya Marekani hawana haja na somo hili, maana kuanzia mwaka 1975 gari lao linapuliziwa petroli kwa mfumo wa umeme, nao walikuwa na kundi lao wakibishana kuhusu viunganishi vya nyaya vilivyochoka.

Baada ya kabureta, mazungumzo huhamia kwenye kutu. Z zilitengenezwa kwa bati jembamba wakati ambapo kinga ya kutu ilikuwa hafifu, na kutu ina mahali pake inapopenda. Chini ya betri, ambapo tindikali hudondoka, ikala kibao, ikashuka mpaka kwenye reli ya chasi. Sakafu chini ya miguu ya dereva. Ile pembe ya bodi nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma. Bati chini ya taa za nyuma. Mtoto mmoja wa miaka kumi hivi alipewa sumaku na baba yake wakawa wanazunguka magari, kwa ruhusa ya wenyewe, akitafuta mahali sumaku isiposhika, maana hapo chini ya rangi pana puti, ile lami ngumu ya kuzibia bati lililoliwa. Mchezo mzuri sana wa kumfundisha mtoto, na wenye magari walicheka naye. Mwenye Z anayejua gari lake anajua tayari puti iko wapi.

Mimi yangu, ya mwaka 1972, niliichomelea sakafu mpya pande zote mbili na sijajutia hata senti. Injini yake, inayoitwa L24, ni ngumu, ukiibadilishia oili kwa wakati na usiiache ichemke inadumu. Bodi ndiyo inayoamua kama gari litaishi. Anayetaka kununua Z leo namwambia kila mara: nunua bati, injini utaitengeneza. Tochi na sumaku ni muhimu kuliko kuliendesha kwa majaribio.

Kuna na harufu. Kila aliyewahi kuendesha Z anaijua: unakwenda barabarani, dirisha wazi kidogo, na moshi wa eksozi unaingia ndani ya gari kwa nyuma. Umbo la gari linatengeneza mvuto wa hewa nyuma ya mlango wa buti, moshi unazunguka pale na kupenya kila penye upenyo. Wengi huanza kwa kulaumu eksozi. Mara nyingi kosa liko kwenye mpira wa mlango wa nyuma uliokauka, au gasketi za taa za nyuma, au vizibo vya mpira pale nyaya zinapopita. Jamaa mmoja alionyesha njia rahisi: mtu mmoja ajifungie ndani usiku, mwingine azungushe tochi nje kwenye kingo za buti na taa. Mwanga unapopenya, moshi nao unapenya. Na hili si la starehe tu, kwa sababu moshi ule ni sumu. Nawasihi wenye Z msilichukulie kama tabia ya gari la zamani, mkalivumilia.

Sasa ule ubishi mkubwa. Mkusanyiko ulikuwa na zawadi ya gari bora, na majaji walipita na karatasi zao wakikagua kama boliti ni za aina iliyotoka kiwandani, kama rangi ni ile iliyo kwenye kibati cha gari, kama vinyli yenye mishono ya almasi juu ya giaboksi haijachanika, kama ile saa ya dashibodi inatembea. Gari lililoshinda lilistahili kwa kipimo hicho. Mwenye gari alikuwa amefanya kazi ya miaka, kila kitu kimerudishwa kama kilivyokuwa, hata kile kikono kidogo cha kushikilia mafuta kilichokuwapo kwenye Z za mwanzo kando ya kikono cha choki. Lilikuja juu ya lori na likaondoka juu ya lori.

Naiheshimu kazi ile kwa moyo wote. Bila watu kama yeye tusingekuwa na mahali pa kutazama kujua gari lilivyokuwa siku lilipotoka. Lakini zawadi kubwa ya siku, kwa maoni yangu, ilipaswa kwenda kwa lile gari la rangi mbili lililokuja kwa magurudumu yake kutoka mbali kuliko yote, vioo vimejaa wadudu, mwenyewe ametoka na fulana yenye madoa ya grisi kwa sababu alifunga tena hosi ya radieta njiani. Nililisema hili mbele ya watu. Wengine waliniunga mkono, wengine wakasema kila siku moja ya kuendesha ni hatua moja ya kulimaliza gari. Nawaelewa. Ila gari lisiloendeshwa nalo linakufa, tena kimyakimya. Sili zinakauka, petroli inageuka gundi ndani ya kabureta, silinda za breki zinashika kutu ndani. Lile Z la binti lilikaa miaka limefunikwa, na oili ikapotea kwenye kabureta bila mtu kujua.

Na ikiwa mtu anataka ushahidi wa kile Z ilichotengenezewa kufanya, autafute Afrika Mashariki. Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna la kusema kuliko wenye Z wa popote. Mwaka 1971, Safari Rally ikipita Kenya, Uganda na Tanzania, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, walishinda kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11. Nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Gari la spoti, pua ndefu, limekaa chini, likayashinda magari yaliyojengwa kama matrekta. Kwenye vumbi lile dereva aliye nyuma haoni kitu. Kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi mvua ikinyesha, barabara inageuka sabuni. Washindani wengi hawakufika mwisho.

Mwaka 1973 ikawa tamu zaidi. Ubingwa wa dunia wa rali ulikuwa ndiyo kwanza umeanzishwa, na Safari ilikuwa mojawapo ya raundi zake. Shekhar Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, na mwaka uliotangulia familia yake ilikuwa miongoni mwa maelfu ya watu wenye asili ya Asia waliofukuzwa na Idi Amin, wakahamia Kenya. Alirudi kwenye njia akiwa na Lofty Drews na 240Z. Walipofika mwisho, pointi zao na za Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, zilikuwa sawasawa. Wakatenganishwa kwa kanuni ya nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu, na ushindi ukawa wa Mehta. Baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa magari mengine ya Datsun na Nissan, lakini ushindi wake wa kwanza ulikuwa na Z, na sikubali mtu aadhimishe miaka ya gari hili bila kulitaja jina lake.

Kwenye meza moja pale uwanjani mtu alikuwa ameweka picha kubwa ya gari la Herrmann lilivyo leo. Nissan wamelihifadhi kwenye ghala lao la magari ya kale huko Zama, Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni waliojitolea walilitengeneza mpaka likatembea tena. Angalia bodi yake. Limebonyea, limekwaruzwa, bado lina sura ya safari ile. Hakuna jaji wa karatasi atakayelipa pointi, na bado ni miongoni mwa Z zenye thamani kuliko zote. Nilisimama pale muda mrefu nikimweleza kijana mmoja Mehta alikuwa nani. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu John Morton na timu ya Peter Brock walioshinda ubingwa wa SCCA, chama cha mbio za magari ya spoti cha Marekani, mwaka 1970 na 1971 kwa Z namba 46, na nafurahi kwamba anajua. Alikuwa anajua hata kwamba Rauno Aaltonen alipata nafasi ya tatu kwenye rali ya Monte Carlo mwaka 1972 kwa 240Z akiwa na msoma ramani aitwaye Jean Todt, yule aliyekuja kuiongoza Ferrari. Ya Safari alikuwa hajayasikia. Aliondoka ameyasikia.

Ubishi mwingine wa kila mwaka, wa nani hasa alilichora gari hili, sitaugusa sana. Albrecht Goertz, aliyechora BMW 507, aliwahi kuwa mshauri wa Nissan miaka ya 1960, na kwa muda mrefu sifa ya Z ilikwenda kwake. Mimi niko upande wa Matsuo na studio yake. Waliolichora, wakalichonga kwa udongo na kulirekebisha mara kwa mara ni wao, na hawakusifiwa vya kutosha wakati ule.

Mchana tulitoka kwa msafara. Sauti ya silinda sita za L24 zikivuta pamoja ni nene na laini, na ukiwa katikati ya msururu unaisikia kutoka mbele na nyuma. Jua lilikuwa kali, na kabla ya kufika tulikokuwa tukienda gari moja likaanza kupoteza nguvu kisha likazima. Kila mwenye Z alijua bila kuuliza. Kwenye injini hii manifoldi, yaani mabomba ya kuingiza hewa na petroli na yale ya kutoa moshi, ziko upande mmoja, moja juu ya nyingine, kwa hiyo kabureta zimekaa juu kabisa ya joto la eksozi. Siku ya joto, ukienda polepole kwenye foleni, petroli inachemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta, na mvuke haupampiki. Msafara mzima ukasimama kando ya barabara, boneti zikafunguliwa moja baada ya nyingine. Tukasubiri, maji yakanywewa, mtu akatoa kitambaa chenye maji akafunika bomba la mafuta na pampu. Baadaye gari likawaka. Mwenyewe alikuwa mpya kwetu na aliona aibu mwanzoni, mpaka alipoona watu watano wakimwonyesha jinsi walivyofunga ngao ya joto kwenye magari yao. Jioni yake alishajua wapi pa kupitisha bomba jipya na ni bati la aina gani la kukata.

Jambo linaloniumiza ni spea na watu wanaozijua. Mwaka 1997 Nissan ya Marekani ilianzisha mpango wa kukusanya 240Z za zamani, kuzirudisha upya na kuziuza kwa mawakala wake, lakini ziliuzwa chache na mpango haukudumu. Tangu hapo kazi imebaki kwa wenye magari wenyewe na wafanyabiashara wadogo wanaotengeneza mipira, vipande vya bodi na vioo vya taa. Vitu hivyo vinapatikana, na afadhali kila mwaka vinaongezeka. Kinachopungua ni masikio ya kutyuni kabureta kwa mpira. Wazee wale wanane au kumi waliokuwapo uwanjani hawatakuwapo wote miaka kumi ijayo. Katayama mwenyewe alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 105, baada ya kuzunguka miaka mingi akihudhuria mikusanyiko kama huu, akisaini dashibodi na kupeana mikono na kila aliyemfuata.

Mkusanyiko wa miaka 60 utakuwa mwaka 2029. Niliwaomba waandaaji mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, asubuhi nzima itengwe kwa ajili ya mafunzo, wazee wapewe magari matatu manne yenye matatizo ya kweli, na vijana wafanye kazi kwa mikono yao, hata wale ambao bado hawana Z. La pili, zawadi kubwa iende kwa gari lililoendeshwa kutoka mbali zaidi, na kwa karatasi za majaji iwepo zawadi nyingine. La kwanza wamelikubali palepale, na binti wa 240Z ya chungwa ameshaandikisha gari lake, safari hii kwa tatizo la breki. La pili bado tunalijadili.